Mwambie mama ni miaka mitano

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili kabla ya kujibu. Umemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), umepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kusoma Uhandisi wa Umeme na Elektroniki, na barua inasema mwaka wa kwanza ni wa maandalizi. Unauliza: "Kaka, huo mwaka si kupoteza muda tu? Wenzangu walioingia UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) watakuwa wameshanitangulia." Na mama mdogo naye kanipigia juzi, anataka kujua imekuwaje digrii ya miaka 4 ikageuka ya 5. Swali lenu ni moja, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja, na nitasema kama ilivyo, hata pale pasipopendeza.

Hesabu ya miaka kwanza, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoumia. Idara ikifundisha kwa Kituruki, una mwaka 1 wa lugha na 4 ya digrii. Idara ikifundisha kwa Kiingereza, kama kwenye vyuo vya ODTÜ, Ankara, au Boğaziçi, Istanbul, chuo kinakupa mtihani wake wa Kiingereza au kinadai cheti kama cha TOEFL. Usidhani kwa kuwa umesoma sekondari kwa Kiingereza basi umepita. Ukifeli, unaingia maandalizi ya Kiingereza, na kwa sisi wa Türkiye Bursları, yaani ufadhili huo wa serikali, mwaka wa Kituruki uko palepale. Nawajua waliotumia miaka 6 bila kurudia somo hata moja. Kwa hiyo mwambie mama ukweli mapema: mitano, na ikibidi sita. Asije akaanza kuulizwa na majirani "mwanao vipi, amekwama?" na yeye hana jibu.

Mimi nilifika Kayseri Septemba 2017. Ni mji wa katikati ya nchi, uko chini ya mlima Erciyes wenye mita 3,917. Mtoto wa Moshi nimekua naitazama theluji kwa mbali, juu kule Kibo. Kayseri theluji ilinifuata mpaka mlangoni. Bweni ni la serikali, chumba kimoja watu wanne, geti linafungwa usiku na unahesabiwa. Maandalizi wenyewe wanayaita hazırlık, na kituo cha lugha ni TÖMER. Lugha inapimwa kwa ngazi: unaanza A1, ya chini kabisa, unapanda A2, B1, B2, unamalizia C1. Darasani ni kila siku ya wiki, mahudhurio yanaandikwa, na kwa idara ya Kituruki kanuni ya ufadhili inakutaka ufike C1. Hapo hakuna sapu, mitihani ya marudio, za kubembelezana. Tuliokuwa nao darasani wapo waliorudi kwao, na walikuwa vichwa kwelikweli kwenye hesabu.

Lugha yenyewe isikutishe. Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Sisi neno tunaliongezea vipande mbele, wao wanaliongezea nyuma. Tunasema "si-ku-elewa", wao wanasema "anla-ma-dı-m": kuelewa, kukanusha, wakati uliopita, mimi. Vipande ni vilevile, mpangilio ndio umegeuzwa. Wenzangu wa lugha nyingine walikuwa wanalia na sentensi hizo, mimi nilikuwa nasikia kama napanga matofali niliyozoea. Halafu kuna maneno tuliyoyachota kisima kimoja: kitap, kalem, saat, dünya, hesap, sabun. Watasalimiana "merhaba", na wewe uliyelelewa vizuri utatafuta shikamoo iko wapi. Na mhandisi ni mühendis. Siku niliyoliona neno hilo kwenye mlango wa kitivo, nilijisikia nimepokelewa.

Sasa nikwambie kisichoandikwa kwenye barua. Mwaka wa maandalizi unaua hesabu. Unatoka kidato cha sita integresheni unafanya kwa kichwa, namba changamano unazichezea, umeme wa AC umeuelewa. Halafu miezi 9 mfululizo unasoma jinsi ya kuagiza chai, kuandika barua kwa meneja wa benki, kusimulia likizo yako. Darasa letu halikugusa hata mara moja neno la hisabati. Unapata C1, unapongezwa, familia inafurahi, na Septemba unaingia Matematik I ukiwa na lugha ya sokoni na hesabu zilizoota kutu. Mwalimu anaandika ubaoni "türev", na wewe uliyefanya derivativu mia tatu kwa mtihani wa taifa hujui kuwa ndizo hizo anazozungumzia. Ndugu yangu, inauma. Unajiona mjinga kwa kitu unachokijua.

Nikupe mfano mmoja. Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, 2019, maabara ya saketi. Mezani kuna bredibodi ya kuungia saketi, resista 2 za kilo-omu 1 zimeungwa kwa mfuatano, jenereta ya mawimbi, na osiloskopu ya chaneli 2, mashine inayoonyesha volti kama mawimbi kwenye kioo. Kazi ni ndogo: chaneli ya kwanza ipime volti inayoingia, ya pili itumike kupata volti ya resista ya juu. Msaidizi wa maabara alisema mwanzoni, haraka haraka, tuunge "toprak" zote kwenye nukta "ortak". Toprak nililijua ni udongo, tulilisoma A2 kwenye habari ya mkulima. Ortak nililijua ni mbia wa biashara. Nikanyamaza, nikafanya nilivyoona inafaa: probu, ncha ya kupimia ya chaneli ya pili, nikaiweka juu ya resista, kibanio chake cheusi nikakibana katikati ya saketi. Nilitegemea nusu ya volti. Kioo kikaonyesha mawimbi mawili yaliyolingana kabisa.

Dakika 40 nilibadilisha resista, nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha. Msaidizi alipofika hakugusa kitu kingine chochote, alikivuta kile kibanio cheusi tu akakihamishia chini, pamoja na cha kwanza. Vibanio vyeusi vya chaneli zote 2 vimeungana ndani ya mashine. Cha pili nilipokibana katikati, resista ya chini nilikuwa nimeipiga shoti, na volti yote ikabaki kwa ile ya juu. Volti ya resista ya juu unaipata kwa kuhamishia probu ya pili katikati, kisha kutoa chaneli ya pili kwenye ya kwanza. Toprak ni ethi, waya wa ardhini. Ortak ni ya pamoja. Ethi naijua tangu sekondari. Fizikia nilikuwa nayo, neno ndilo sikuwa nalo, na ripoti ya siku ile nilipewa sifuri.

Usiku ule bwenini nilianza daftari. Upande mmoja neno la Kituruki, upande wa pili la Kiswahili. Si la Kiingereza, la Kiswahili, na hapo ndipo nilipopata kitu ambacho sijakisahau. Akım, karenti, linatokana na kutiririka. Darasa la saba tulifundishwa "mkondo". Direnç, resistansi, linatokana na kukinza, kugoma kusalimu amri. Darasa la saba tulifundishwa "ukinzani". Kisha kidato cha kwanza maneno yale tukayaacha mlangoni, tukaanza kukariri upya kana kwamba umeme ni kitu cha watu wengine. Wenzangu wa Kituruki wanasoma uhandisi kwa maneno ambayo bibi zao wanayaelewa. Hilo nililionea wivu, na bado naliona ni jambo ambalo nchi yetu inapaswa kulifikiria kwa uchungu. Lile daftari lilinivusha kuliko kitabu chochote.

Kwa hiyo swali lako kwamba mwaka unapotea: unapotea ukiuchukulia kama mapumziko kati ya sekondari na chuo. Ukitenga saa 1 kila jioni kufanya maswali ya Advansi, ya kidato cha tano na sita, na ukafika B1 ukaanza kutazama masomo ya hesabu ya sekondari ya Kituruki kwenye intaneti, mwaka wa kwanza utakukuta umesimama. Nenda pia kwa idara mapema, kaa nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza, omba ruhusa kwa heshima, mwite mwalimu "hocam", yaani mwalimu wangu. Wengi hawakatai.

Ukishaingia idarani, mambo ni ya kawaida ya uhandisi: mtihani wa kati wanauita vize, kisha final, ukianguka kuna bütünleme, ndiyo sapu yao. Alama zinaanzia AA hadi FF. Ukizidisha utoro unafelishwa kabla ya mtihani. Somo lililotutesa wengi ni elektromanyetiki, na sinyali na mifumo likifuatia. Kuna mafunzo ya kazini, staj, ambayo unajitafutia mwenyewe, na mgeni anapigiwa simu ya pili kwa nadra. Anza kutafuta mwezi wa pili, usingoje wa tano.

Pesa. Ada na bweni vinalipwa, posho ya mwezi ipo, lakini si bumu la kutuma nyumbani. Nilipokuwa nahitimu, 2022, lira, shilingi yao, ilikuwa inayeyuka. Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei kwa takwimu rasmi ulivuka asilimia 85. Mama mdogo, nakuomba: mtoto akikaa mwaka mzima hajatuma kitu, usimhesabie ubahili.

Kazi baada ya digrii ndiyo pagumu zaidi. Kwa kawaida kampuni inatakiwa iwe na Waturuki 5 kwa kila mgeni 1 inayemwombea kibali, na kampuni nyingi za zana za ulinzi, zinazoajiri sana watu wa elektroniki, zinataka raia. Mimi nilizunguka miezi 7 ndipo nikapata hapa Ankara, kwenye paneli za ulinzi na udhibiti za vituo vya kupozea umeme. Gridi yao ni ya kilovolti 400 na 154, kwetu nyumbani kuna 220 na 132, lakini hetzi ni 50 kwao na kwetu, na relei, swichi ya kulinda laini, haijali uraia. Ukirudi, cheti kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, kisha unajisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu. Na Kituruki chako hakitakuwa bure: treni ya umeme ya SGR ya kwetu iliyoanza 2024 inakimbia kwa kilovolti 25, na Yapı Merkezi ya Uturuki ni kati ya waliojenga reli ile.

Jambo la wakala ulilolitaja kwa chinichini, nimelisikia. Kuomba Türkiye Bursları ni bure, mwanafunzi anajaza mwenyewe kwenye tovuti yao, na dirisha limezoeleka kufunguka Januari na kufungwa Februari. Mimi nililipia. Baba aliuza ng'ombe akampa mtu mmoja pale mjini "wa kushughulikia", na nilipofika nikagundua alichofanya ni kujaza fomu ambayo ningeijaza mwenyewe kwa jioni mbili. Kama hujampa, usimpe. Kama umeshampa, mwambie mama leo, asije akaambiwa na mtu mwingine.

Kuhusu begi: sweta 2 nzito nunua mtumba huko huko, viatu vya theluji utanunua huku. Chaja zako zenye pini 3 bapa hazitaingia, soketi zao ni za pini 2 za mviringo, ila volti ni 230 ileile, adapta ndogo inatosha. Vyeti halisi weka kwenye begi la mkononi. Na madaftari yako ya Advansi, najua kuna watoto wa jirani wameshayaomba. Usiyagawe. Ukifika Esenboğa, uwanja wa ndege wa Ankara, nitakuwa nje ya geti la kuwasili, na kitu cha kwanza nitakachokuuliza ni yako wapi.