Bimkubwa hakuangukia kwenye mawe

Mkuu, umesema mama yako wa miaka 74 anahamia kwako Bugarika, hapa Mwanza, na hofu yako ni zile ngazi za mawe. Na mimi niliziogopa hizo hizo. Naishi na bimkubwa, mama yangu, Mabatini, juu kabisa mlimani, kule bodaboda anakwambia "mimi naishia hapa". Mawe yale kayapanda miaka na miaka, beseni la dagaa kichwani kutoka mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Anajua lipi linateleza mvua ikinyesha na lipi linacheza.

Kaangukia uani, mlangoni pa choo, saa tisa usiku. Kaamka ghafla kwenda haja ndogo, umeme umekatika, miguuni kandambili zilizolika soli hadi zinang'aa. Kizunguzungu, chini. Nilipommulika na tochi ya simu, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Ukiona hivyo usimvute mikono kumsimamisha, nyonga huenda imevunjika. Tuling'oa mlango, tukamlaza juu yake, vijana wanne wakamteremsha hadi barabarani. Hapo ndipo mawe yalipotutoa jasho.

Hospitali daktari akauliza anameza dawa gani. Za presha, na mojawapo ni ya kukojoza, naye alikuwa anainywa usiku! Ndiyo iliyokuwa inamwamsha, na presha ikishuka anaposimama, kichwa kinazunguka. Wakaihamishia asubuhi. Wewe usibadili kitu mwenyewe, beba pakiti zote zikaangaliwe, na macho yapimwe mtoto wa jicho siku hiyo hiyo. Wangu sasa akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anachezesha miguu, ndipo anainuka.

Bafuni usikubali vigae vinavyong'aa, hata fundi aseme vinapendeza vipi. Mimi nilipiga sementi upya, ikachorwa kwa ufagio ikiwa bado mbichi. Pembeni ya choo kuna bomba la chuma la kushikilia, lililozamishwa ukutani. Nililining'inia mwenyewe kulijaribu. Uani taa ya sola. Ndoo ya usiku chumbani aliikataa miezi miwili, eti yeye si mgonjwa. Usibishane, iache tu pale.

Zile kandambili nilizitupa. Juzi namkuta kazivaa, kaziokota jalalani, anasema bado nzima.