Ukimpa fundi mwenzako kazi, usimwambie "kama kawaida"

Wadogo zangu mnaonipigia kuulizia hii kazi ya bunduki za kuwindia ndege huku Birmingham, wote mna swali moja, eti bunduki ikiandikwa jina la kampuni kubwa ya London ndo imetengenezwa humo humo mwanzo mwisho? Wapi! Toka enzi za mababu zao kazi inagawanywa, wa mitutu kivyake, wa mtambo kivyake, wa kitako, wa nakshi, na nyingi zilikuwa zinatoka huku Birmingham hazijamaliziwa, London wanamalizia na kutia jina lao. Mitutu ukiichomoa ukaangalia chini unaweza kukuta herufi mbili za fundi, mteja hata hajui zipo. Sio utapeli huo, na mafundi wa nje, yaani wanaofanyia kazi kwao na sio kwenye karakana ya mwenye jina, wengine ni moto kuliko wa ndani.

Shida ni kumgawia mtu kazi halafu wewe mwenyewe huwezi kuikagua. Mitutu ina pa kupimwa, hapa Birmingham kuna nyumba ya majaribio toka 1813, wanapiga risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, ikistahimili wanaigonga muhuri. Kitako nani anakigongea muhuri? Hakuna, ni macho yako tu. Ndo maana mwaka wa kwanza utakuwa unapaka masizi ya kibatari kile chuma kinachotakiwa kukaa kwenye kitako, unakiweka kwenye mbao, unatoa, palipogusa pameacha doa jeusi unakwangua kidogo na patasi, unarudia tena, siku nzima hivyo, mpaka weusi uenee kote. Inachosha aisee, lakini ukishaikwangua mwenyewe huwezi kudanganywa na aliyeziba mwanya kwa vumbi la mbao na gundi.

Sasa mimi kilichonikuta. Tulikuwa na jozi, bunduki mbili pacha za mteja mmoja, ile mistari midogo ya kukatana pale kwenye shingo ya kitako, inayozuia mkono usiteleze, ya kwanza nilikata mwenyewe, ya pili nikazidiwa nikampelekea mzee mmoja wa nje, nikamwambia piga kama kawaida. Akapiga safi kabisa, tatizo yangu ilikuwa mistari 28 kwa inchi, ya kwake 24. Ukiziweka pamoja hata mtoto anaona. Na huwezi kufuta, ukisema upige msasa uanze upya shingo inakuwa nyembamba, haishikiki kama mwenzake. Mzee nikamlaumu, akaniuliza taratibu tu, kawaida ya nani?

Kitako kipya nililipia mimi, na mbao ya walnuti yenye mishipa mizuri ni hela, msiulize. Siku hizi naweka karatasi juu ya ile mistari, nasugua na penseli mpaka ichapike, nafunga pamoja na kazi. Na yule mzee bado nampelekea.