Mtoto wa Mimi kautoa wapi uzungu ule?

SWALI: Shikamoo daktari. Juzi nilikaa na mama mkwe tukaangalia Mimi, ile filamu ya Kihindi ya binti mchezaji wa Rajasthan anayekubali kuwabebea mimba Wamarekani kwa malipo. Mtoto anazaliwa mzungu kabisa. Mama mkwe akakataa katakata: miezi tisa kala chakula cha Mimi, damu ni ya Mimi, asifanane naye hata ukucha? Mimi langu ni jingine. Daktari anawaambia wale wazazi mtoto atakuwa na hali ya Down, wanatoroka, kumbe mtoto hana tatizo. Vipimo hukosea kiasi hicho? Na mambo yale yanaruhusiwa India hadi leo?

JIBU: Marahaba mwanangu, msalimie mama mkwe. Filamu nimeiona (Pankaj Tripathi akiwa dereva Bhanu ananichekesha mpaka sasa), na mtu anayeitwa Mimi anatuvuruga kidogo sisi Waswahili, kwa hiyo nikisema Mimi kwa herufi kubwa, ni yule binti.

Yai halikuwa la Mimi. Lilitoka kwa Summer, mbegu zikatoka kwa mumewe John, vikakutanishwa maabara. Rangi, nywele, pua, vyote vimo ndani ya vinasaba, na vinasaba vilikamilika siku hiyo hiyo, kabla Mimi hajaguswa.

Kazi yenyewe ya kupandikiza haifiki nusu saa. Kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) cha siku ya tano ni kama nukta, hakifiki hata nusu milimita. Kinavutwa kwenye mrija laini pamoja na tone la maji yake. Mama amelala, kibofu kimejaa mkojo ili mji wa mimba uonekane vizuri kwenye ultrasaundi, na yeye anaomba tumalize aende msalani. Mrija unapita mlango wa kizazi, unasukuma taratibu, kwenye skrini kinamulika kidoa cheupe. Basi. Kigumu ni kinachofuata: wiki kadhaa za projesteroni, homoni ya kuitunza mimba, mara nyingi sindano za mafuta kwenye makalio, mpaka kondo la nyuma liweze kutengeneza homoni lenyewe.

Na damu je? Haichanganyiki. Ndani ya kondo la nyuma, damu ya mama na ya mtoto zinapita jirani, zimetenganishwa na utando mwembamba. Oksijeni, sukari na kinga za mwili vinavuka, uchafu unarudi. Chembe chache za damu huponyoka huku na huku, lakini hazibadilishi sura ya mtu. Mwambie mama mkwe hivi: mwanamke wa kundi O, kwa kawaida, hawezi kuzaa mtoto wa AB kwa yai lake. Akiwabebea wengine, anaweza kumbeba mtoto wa AB hadi kujifungua salama. Hata hivyo chakula cha Mimi hakikupotea bure. Uzito wa mtoto, akiba yake ya madini ya chuma, kinga za miezi ya mwanzo, hayo ni ya aliyembeba.

Sasa vipimo, na hapa ndipo filamu ilinikera. Kuna kipimo cha kuchuja na kuna kipimo cha kuthibitisha. Cha kuchuja hupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto kwa ultrasaundi, wiki ya 11 hadi 14, pamoja na damu ya mama. Majibu huja kama uwezekano. Ukiandikiwa 1:100, maana yake katika mimba 100 za namna hiyo, 99 hazina tatizo hilo. Anayetaka kuthibitisha hutolewa kwa sindano maji ya chupa ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, zihesabiwe kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba: 46 za kawaida, au 47 kwa mwenye hali ya Down. Kumpa mtu jibu la kuchuja kama hukumu ni kosa la daktari. Kipimo hakina hatia.

Tena kwa mimba ya kubebewa kuna mtego. Hesabu ile inaanza na umri wa mama, na umri unaotakiwa ni wa mwenye yai. Yai la miaka 25 lina uwezekano wa takriban 1 kati ya 1,200. La miaka 40, takriban 1 kati ya 100. Karani akijaza umri wa mbebaji, karatasi nzima inadanganya.

Kuhusu sheria, hapana. Hadithi imewekwa mwaka 2013, biashara ikiwa wazi. Miaka mitano kabla yake mtoto wa wazazi Wajapani aliyezaliwa Gujarat alikwama India kwa sababu wazazi waliachana kabla hajazaliwa, bibi yake akaja kumchukua. Mwishoni mwa 2015 wageni wakafungiwa mlango. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 ikafuta malipo: zile laki 20 za rupia za Mimi leo ni jela. Linalobaki ni gharama za matibabu na bima.

Mimi mwenyewe, yule binti, angekwama kwenye fomu ya kwanza. Mbebaji lazima awe ameolewa au aliwahi kuolewa, ana miaka 25 hadi 35, na tayari ana mtoto wake. La ndoa sina la kusema. La mtoto ningelidai hata bila sheria: mji wa mimba uliowahi kubeba tunajua unaweza, na ikitokea damu ikamwagika tukalazimika kuuondoa, mama huyo ana wake nyumbani.