Subiri mbalamwezi

Mara ya kwanza kuhamasisha chanjo ya watu wazima pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi kwenye Ziwa Tanganyika, nilifika saa nne asubuhi na kipaza sauti. Nikaongea nusu saa. Walionisikia ni akina mama waliokuwa wanageuza dagaa juani, na mmoja akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, unaowataka wamelala." Wavuvi huingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi alfajiri. Nami ni mzaliwa wa Ujiji, hapo jirani kando ya ziwa hilohilo, aibu tupu.

Siku hizi nasubiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inafungwa, wanaume wanashinda ufukweni wakishona nyavu. Hapo mtu ana muda wa kukusikiliza, hata wa kukubishia. Kama wewe ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku kwetu Kigoma, tazama kwanza angani, ndipo upange ratiba.

Halafu kuna neno lenyewe. Wengi wakisikia chanjo wanawaza watoto na kliniki. Mzee mmoja alinifunulia kifua, akanionyesha chale alizochanjwa utotoni. "Hospitali haikutuletea chanjo, tulikuwa nayo." Sikubisha, maana neno ni lilelile. Nilimuuliza tu: wembe ulikuwa mmoja, au kila mtu na wake? Akahesabu vidole. Ndugu watano, wembe mmoja.

Ndipo tukaingia kwenye homa ya ini B. Virusi vyake hupita kwa damu na kwa kujamiiana, na mtu aweza kukaa navyo miaka bila dalili huku ini likiharibika, wengine hadi saratani. Unapimwa kwanza. Ukikutwa huna, unachanjwa dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu ile ya kwanza. Dozi ya tatu ndiyo inayosahaulika, na kadi huloa mtumbwini. Kwa hiyo nawahesabia kwa hesabu yao: mbalamwezi hii, ijayo, na ya sita baada ya hii.

Uvumi wa chanjo kuua nguvu za kiume usiujibu mbele ya wake zao. Ngoja mbaki wanaume peke yenu, na awepo mmoja aliyechanjwa ambaye nyumbani kwake kuna kichanga. Yeye ndiye aongee, wewe kunywa kahawa.

Na usidharau msikiti. Julai 2021 Rais Samia alichanjwa chanjo ya UVIKO-19 hadharani, nchi nzima ikaona. Mtaani kwetu foleni ilisogea siku imamu alipokunja mkono wa kanzu.

Yule mzee wa chale alipimwa, akakutwa salama, akamaliza zote 3. Ya mwisho alikuja na mdogo wake amemshika mkono. "Huyu anaogopa sindano," akaninong'oneza, "mwambie nesi amchome polepole."