Paneli ya volti 12 yenye volti 21

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma chuo, naishi Chanika. Nimenunua laptopu ndogo iliyotumika, Asus Eee PC 901, na chaja yake imeandikwa volti 12, ampea 3. Kaka yangu ana paneli ya sola ya wati 50, nayo nyuma imeandikwa volti 12. Kwa kuwa zote ni 12, nataka nikate waya wa chaja niunge moja kwa moja kwenye paneli. Tena nataka kutumia intaneti ya simu bila kumaliza chaji. Utanishauri nini?
Msomaji wa kike, Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza weka mkasi chini.

Ile 12 ya nyuma ya paneli maana yake ni kwamba imetengenezwa kuchaji betri ya volti 12. Paneli nyingi za aina hiyo zina seli 36, na kila seli bila mzigo, yaani ikiwa haijaungwa na kitu kinachotumia umeme, hutoa kama volti 0.6. Zidisha, utapata zaidi ya 21. Kwenye lebo utaiona hiyo namba, imeandikwa Voc, yaani volti bila mzigo. Azima mita, itoe paneli juani saa sita mchana, gusisha ncha za mita kwenye nyaya zake mbili, usome mwenyewe.

Nakusihi hivyo kwa sababu mimi sikupima. Niliunga laptopu ya mpwa wangu kwenye paneli juu ya bati, nyumbani Tandika. Ikawaka vizuri. Likapita wingu, chaji ikakata. Jua lilipotoka tena nikasikia “tak”, kisha harufu ya kitu kinachoungua. Nilipoifungua, kapasita moja karibu na tundu la chaja ilikuwa imevimba kichwa na kupasuka. Mashine ile haikuwaka tena, na maandishi yake ya mwaka mzima wa masomo yalikuwa humo. Bado inaniuma.

Sasa, njia iliyo salama. Paneli iingie kwenye kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji, kontrola ichaji betri, na laptopu ipate umeme kutoka kwenye betri. Ukiunga, anza na betri kwenye kontrola, paneli ije mwisho. Usiache fyuzi: ampea 5, kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Hata hapo usichomeke laptopu moja kwa moja, maana betri ya asidi inapochajiwa hufika volti 14.4 na ikichoka hushuka chini ya 12. Weka katikati kile kibao kinachopandisha na kushusha volti, ukifunge kwenye 12 kamili kwa mita kabla ya kuchomeka chochote.

Wengine watakuambia ununue inveta. Kwa kazi yako sioni haja. Inveta ipandishe 12 hadi 230, halafu chaja irudishe 230 hadi 12, na kila hatua inakula umeme wako.

Betri ya ampea-saa 18 ina kama wati-saa 216. Tumia nusu tu, ukiikausha inakufa mapema. Laptopu ikila wati 15 utapata kama saa saba za kusoma usiku.

Waya usiudharau. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 20. Kwa waya wa milimita za mraba 1 na ampea 3, unapoteza volti nzima njiani. Kwa waya wa 2.5 inapotea 0.4 tu. Paneli iangalie kaskazini, ilale kidogo, kama nyuzi 10 au 15, ili mvua iisafishe vumbi.

Kuhusu intaneti, tumia waya wa USB badala ya hotspoti, kisha zima Wi-Fi ya laptopu. Simu nayo itakuwa inapata chaji kidogo, wala haitachemka kama inavyochemka kwenye hotspoti. Prosesa ya laptopu yako, Atom N270, ni ya biti 32 tu, kwa hiyo usihangaike na programu endeshi za biti 64. Mimi ningeweka antiX, Linux nyepesi yenye toleo la biti 32.

SWALI: Umeme ukikatika rauta inazima, ingawa betri ya sola ninayo. Lazima ninunue inveta?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana ndugu yangu. Soma chaja ya rauta. Ikiwa ni volti 12, ampea 1, ilishe kutoka kwenye betri hiyo kupitia kibao kama nilichomweleza binti wa Chanika. Hakikisha tu upande wa chanya wa plagi: angalia mchoro kwenye chaja kama chanya iko katikati au nje. Ukigeuza, unaweza kuiunguza rauta papo hapo.