ULIZA TUKUJIBU: Chombo cha Mwezini ni basi au pantoni?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila nikisoma naambiwa hii Starship, roketi kubwa ya kampuni ya Marekani inaitwa SpaceX, itakuwa inaenda mwezini na kurudi kama daladala, halafu juzi jamaa kijiweni akasema hiyo itakayoshusha watu mwezini hairudi duniani kabisa. Sasa hiyo ya kutumika tena na tena ni ipi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Salama ndugu yangu. Jamaa yako yuko sawa na wewe hujakosea sana. We unakaa Mbagala basi pantoni ya Kigamboni unaijua, haiendi Morogoro, kazi yake ni kuvusha watu upande huu na ule basi, ukifika ng'ambo unatafuta usafiri mwingine. Starship ile iliyotengenezwa kushuka mwezini ni hivohivo. Kazi yake ni kutoka kwenye mzunguko wa mwezi mpaka chini na kupanda tena, abiria wanaletwa na chombo kingine kinaitwa Orion na ndicho hichohicho kinawarudisha nyumbani.

Kwanini kisirudi? Ukitoka mwezini unaingia kwenye hewa ya dunia kwa spidi ya kilomita kama 11 kwa sekunde, joto lake ni la kuyeyusha chuma, kwa hiyo lazima uvae ngao ya joto, na ngao ni mzigo. Sasa mwezini hakuna hewa, ngao haina kazi yoyote kule, ya nini uibebe kilomita 384,000 halafu uishushe na kuipandisha bure? Wameiondoa.

Kinachorudi na kutumika tena ni lile bomba kubwa la chini linaloisukuma Starship kutoka ardhini, linaitwa Super Heavy, lenye injini 33. Linasukuma dakika mbili na kitu, linaachia, linageuka kurudi lilikotoka. Tarehe 13 Oktoba 2024 pale Texas lilishuka wima likadakwa na mikono ya chuma ya mnara uleule lililorukia, mi niliangalia nikarudia kama mara sita. Mei 2025 wakarusha moja lililokwisha kuruka kabla.

Kichekesho ni kwamba hiyo Orion inapandishwa na roketi ya NASA, shirika la anga la Marekani, inaitwa SLS, na SLS inatupwa yote kila safari. Injini zake nne ni zile za shato za zamani (space shuttle, vyombo vya NASA vilivyokuwa vinaenda anga na kurudi), ambazo enzi hizo zilikuwa zinaruka zinarudi zinafanyiwa sevisi zinaruka tena. Novemba 2022 wakatumia nne zilizokwisha kwenda anga mara kadhaa, zikaishia baharini. Yaani kitu kilichokuwa kinatumika tena kimegeuzwa cha kutupa, na hapohapo tunaambiwa ndo tunaingia zama za kutotupa. Mi hesabu hiyo hainiingii kichwani, labda nyie wasomaji mnisaidie.

SWALI: Nasikia kabla ya kwenda mwezini hiyo Starship lazima ijazwe mafuta huko juu. Kwani si ijaze fulu tangi hapa chini iende zake? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Inaondoka fulu tangi mkuu, shida ni kwamba inafika juu tangi karibu tupu. Kupanda mpaka kwenye mzunguko wa dunia ndo mlima wenyewe, unatakiwa ufikie karibu kilomita 8 kwa sekunde na mafuta mengi yanaishia hapo. Tangi lake linabeba tani zaidi ya 1,000, na chombo kinachopeleka mafuta kikifika juu kinabaki na tani kama 100 hivi za kugawa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni safari kumi au zaidi za kuleta mafuta ili chombo kimoja tu kiende mwezini. Hapo ndo utaona kwanini wamekomaa na kudaka lile bomba, ukitupa roketi kumi kwa safari moja hakuna serikali itakulipa.

Na siyo dizeli hiyo. Ni methani na oksijeni zilizopoozwa mpaka zikawa kimiminika, oksijeni inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, sasa we iache inapigwa jua wakati inasubiri chombo cha mafuta cha nane na cha tisa, inageuka hewa na kupukutika taratibu. Machi 2024 walihamisha oksijeni kutoka tangi moja kwenda jingine ndani ya chombo hichohicho, ila kutoka chombo hadi chombo ndo mtihani wenyewe. Wapinzani wao, kampuni ya Blue Origin, waliopewa na NASA kandarasi ya dola bilioni 3.4 mwaka 2023 ya kutengeneza chombo kingine cha kushuka mwezini, wanatumia haidrojeni ambayo inataka nyuzi 253 chini ya sifuri, wao kazi yao ya kuzuia isipukutike ni kubwa zaidi.

SWALI: Kwanini wasitumie parachuti kushuka mwezini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hakuna hewa ya kulijaza. Litaning'inia kama kanga kwenye kamba siku isiyo na upepo.

SWALI: Chombo chenyewe kirefu kama ghorofa, watu wanashukaje? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Kwa lifti, siyo utani. Neil Armstrong mwaka 1969 alishuka kwa kangazi kafupi tu maana chombo chao chote kilikuwa na urefu wa mita 7, hiki kina mita kama 50 na wanaanga wanakaa huko juu. Desemba 2023 wanaanga wawili wa NASA waliijaribu lifti ya mfano hapahapa duniani wakiwa na masuti yao makubwa, waone kama vidole ndani ya zile glovu nene vinaweza kubonyeza vitufe na kufungua geti.