Barua kwa Mwanangu Aliyeko Doha

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza nani anakudharau: yule mtoto wa Kikorea asiyenyoosha kidole wala kukutazama usoni, au yule baba wa Kiholanzi anayekuita "Neema" na kukuhoji alama za mwanawe? Naona hakuna hata mmoja.

Umesema huyo mtoto daftari anakukabidhi kwa mikono miwili. Basi heshima ndiyo hiyo. Kwao mwalimu haitwi kwa jina tupu. Wewe ulipokuwa darasa la tatu mlisimama wote, "Shikamoo mwalimu", na nani angethubutu kumbishia? Mwalimu mgeni angekuandikia kwenye ripoti: hashiriki darasani. Yule baba naye, kumuuliza mwalimu waziwazi ndiyo kumhesabu mtu mzima mwenzake. Inakera, najua, hata mimi ingenikera. Mfungulie vigezo vya usahihishaji, mpitie kimoja kimoja.

Ila shule yenyewe umeisahau. Shule ya kimataifa ya Geneva ilifunguliwa 1924 kwa watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Mji huohuo ndiko ilikoanzia IB, huo mtaala wa kimataifa mnaofundisha, 1968, ili mtoto wa kuhamahama apokelewe chuo popote. Hata hapa Moshi shule ya namna hiyo ilianza 1969 kwa ajili ya watoto wa wageni waliofanya kazi hospitali ya KCMC. Nia ilikuwa njema. Lakini mitihani ya IB humpa alama anayehoji na kutetea hoja yake, na hiyo nayo ni mila, ina kwao. Mtoto asiyeijua usimwone mzito wa akili.

Mfundishe, kama unavyomfundisha hesabu. Waandike kwanza dakika chache, wajadiliane wawili wawili, ndipo uulize darasa zima. Wazazi wakija kikaoni, waulize: mtoto akikosea nyumbani hukanywa mbele ya watu au pembeni? Utapata mengi kuliko kwenye semina mnazopelekwa, zile za "Wakorea wako hivi, Waarabu wako vile". Huyo wako unasema kakulia Dubai na Singapore, Korea anakwenda likizo tu! Semina itamweka wapi?

Wakikujibu niandikie, hasa yule Mholanzi. Shangazi yako kaona picha zako, anasema umekonda.

Mama